Noti Tatu Kila Ijumaa

Mume wangu alizaliwa Buyenzi, mtaa wa mji mkuu wa Burundi, na Mungu akipenda atazikwa hukohuko, maana hata safari ya Musaga, mtaa mwingine tu, kumsalimia dada yake humchukua wiki nzima ya kujishauri. Jina lake Huseni. Kazi yake ni kujalidi vitabu. Mimi ni Khadidja, mke wake kwa miaka ishirini na minane, na kazi yangu, ukiacha kupika, kufua na kuuza mishumaa mlangoni, ni kumpikia gundi.

Gundi yenyewe ni uji. Unachukua unga wa muhogo, unauchekecha kwa kitambaa mpaka libaki vumbi tupu, unaukoroga kwanza kwa maji baridi, kisha unaupeleka kwenye mkaa na kuukoroga bila kupumzika mpaka ung'ae. Mwisho unatia shabu kidogo na pilipili ya unga, ili mende wasije wakala kitabu. Nimeipika gundi hiyo nikiwa na mimba, nimeipika nikiwa na malaria, na nimeipika siku ambazo risasi za kutoka milimani zilikuwa zinapita juu ya bati letu. Katika miaka ya vita, kilo ya unga ilipokuwa inatafutwa mji mzima, niliipika nikiwa na njaa. Basi mtu asije akaniambia sijui thamani ya karatasi.

Huseni alijifunza ufundi mjini, kwenye kiwanda cha uchapaji cha mapadri. Aliingia akiwa na miaka kumi na sita, Mwislamu peke yake katika chumba cha kujalidi, na kwa miaka zaidi ya ishirini alitia magamba katekisimu na vitabu vya nyimbo mchana, jioni akirudi nyumbani anatengeneza misahafu ya majirani. Mbele yake, kwenye meza ileile, alikaa mtu aliyeitwa Gélase, wa mtaa wa Cibitoke. Gélase alishona karatasi, Huseni akatia gamba. Hawakuwa watu wa maneno mengi. Lakini kila Idi Gélase alikula kwetu, na kila Noeli sisi tulikwenda kwake tukanywa soda, mume wangu akacheka na watoto wake.

Mwaka wa tisini na tano, Cibitoke ilipowaka moto, Gélase hakuja kazini. Wiki ya kwanza Huseni alishona na karatasi zake pia, ili mwenzake asikatwe mshahara. Wiki ya pili akaenda kumtafuta. Nyumba haikuwa na mlango wala bati, na jirani wa kuulizwa hakuwepo. Miezi miwili baadaye kiwanda kilifungwa, mashine zikafunikwa turubai, na mume wangu akarudi nyumbani na kitu kimoja tu mfukoni, kifupa chake cha kukunjia karatasi, ambacho kimelainika kwa mikono yake mpaka kinateleza.

Akanyamaza. Nasema akanyamaza, na wanaojua ndoa wataelewa kuwa sisemi habari ya mtu asiyependa kuongea. Aliamka, akaswali, akakaa kwenye benchi la mlangoni, akaweka mikono juu ya magoti, viganja vikiangalia juu, akaitazama. Mpaka adhuhuri. Mpaka alasiri. Ukimsalimia anaitikia, ukimpa chakula anakula nusu. Na nani angeleta kitabu kijalidiwe katika miaka ile? Watu walikimbia na watoto mgongoni na sufuria kichwani, vitabu vilibaki vikiungua na nyumba. Siku moja nilimletea msahafu wa marehemu baba yangu, nikamwambia umelegea. Akaufungua, akaupima kwa vidole, akaona ni mzima kabisa. Akanirudishia bila neno. Niliona haya, na usiku wake nililia, kwa sababu niliogopa ule ukimya kuliko nilivyoogopa risasi. Risasi unaisikia inapokwenda.

Ndipo akaja mzee Birindwa.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wa tisini na sita, vita vilipoingia upande wa pili wa mpaka, Uvira, nchini Zaire. Watu walivuka kwa mamia. Mzee alikuwa Mushi kwa kabila, mfugaji, aliyekuwa na ng'ombe kumi na mmoja kwenye bonde la Ruzizi. Alikuja na binti yake Ernestine, mjane, wakapanga chumba chetu cha uani. Walichobeba kilikuwa mkeka, sufuria mbili na sanduku la bati lililojaa noti za Zaire. Aliwauza ng'ombe wake kwa siku mbili, njiani, kwa mchuuzi ambaye naye alikuwa anakimbia. Pesa ya kila ng'ombe alikuwa ameifunga peke yake kwa ugwe wa mgomba, na juu ya noti ya kwanza ya kila furushi aliandika kwa penseli jina la ng'ombe. Alitusomea jioni moja, polepole: Bihogo, Nyota, Dimanche, Mapasa. Mengine nimesahau. Binti yake alikuwa amegeuza uso ukutani.

Ijumaa ya tatu baada ya wao kufika, Huseni alirudi kutoka msikitini akakuta mzee amesimama karibu na benchi, kofia mkononi, na noti tatu zilizochanika vipande viwili viwili.

"Fundi," akasema, "nasikia we unajua kufunga karatasi. Hii yangu imepasuka. Unaweza?"

Huseni akazipokea. Akaziinua kwenye mwanga. Nilikuwa mlangoni na mishumaa yangu na niliona vidole vyake vinaanza kutembea pembeni mwa ile karatasi, vinatafuta mahali pa kushika. Kisha akageuka kuniangalia, mara ya kwanza kwa mwaka mzima, nadhani, akaniuliza kama unga upo.

Aliloweka paketi tupu za sigara usiku kucha, akabandua ile karatasi nyeupe nyembamba ya ndani, akaikata vipande vidogo kuliko ukucha. Akaunganisha noti nyuzi kwa nyuzi, akapaka gundi kwa unyoya, akapitisha kifupa, akazilaza chini ya jiwe la kusagia. Kesho yake huoni kitu. Mzee akazishika, akatikisa kichwa, akasema aksanti, akaondoka. Ijumaa iliyofuata akaja na tatu nyingine.

Ikawa desturi ya nyumba. Ijumaa baada ya sala, noti tatu. Kazi ya siku moja Huseni aliinyoosha mpaka siku nne. Jumatatu anakata, Jumanne anapaka, Jumatano anafungua kuangalia, Alhamisi anasafisha unyoya wake akingoja kesho. Akaanza kunung'unika tena kuhusu chumvi ya mboga. Akaanza kukoroma. Sikumdai mzee hata sahani moja ya unga, ingawa moyoni nilihesabu kila kijiko, siwadanganyi.

Kisha pesa yenyewe ikafa. Kwanza nchi yao ilibadili jina, halafu mwaka wa tisini na nane ikaja pesa mpya, na baada ya mwaka mmoja ile ya zamani haikupokelewa popote. Buyenzi nzima ilijua. Wavunja pesa wa sokoni walifungia karanga kwa noti za Zaire. Watoto wa mtaa walichezea duka. Ernestine alikuja kwangu jikoni na ndoo tupu, akaketi juu yake.

"Mama Asiya," akaniambia, kwa jina la binti yangu kama wote wanavyoniita, "nakuomba, musimuambie Papa. Ile sanduku ndiyo inamushikilia. Akijua, ataanguka tu hivi."

Tukaahidi. Na kila Ijumaa mzee aliendelea kuja, na Huseni akaendelea kuunganisha pesa ambayo isingenunua hata kiberiti. Mimi sikunyamaza kabisa, maana sikuumbwa hivyo.

"Baba Asiya," nikamwuliza siku moja nikikoroga, "pesa haitoke mu sanduku, inapasuka aje?"

"Ni maji ya hewa."

"Hayo maji iko na adabu sana. Inapasua katikati tu."

"Koroga, Khadidja, itaungua."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa anaungua. Alikuwa akirudi msikitini, anavua kanzu, anakaa kitandani. "Nafanya zambi," ananiambia. "Muzee anaamini pesa yake iko mzima ju mi naitengeneza. Mi ndiye namudanganya." Nikimwambia amwambie basi, anasema wiki ijayo. Wiki ijayo zilipita nyingi.

Sasa ndipo anaingia Prodige. Huyu alikuwa mchoraji kutoka Bukavu, kijana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, viatu vimejaa rangi. Kituo kimoja cha utamaduni mjini kilikuwa kimempa ukumbi ili afanye maonyesho, na yeye alikuwa akizunguka kwa wakimbizi wa Buyenzi, Cibitoke na Musaga akiomba noti za Zaire. Alijaza magunia. Alitaka kutengeneza noti moja kubwa, ukubwa wa ukuta wa nyumba, iliyoundwa kwa maelfu ya noti zilizokufa, na chini yake iandikwe swali moja tu: Inanunua nini?

Aliambiwa kuna fundi Buyenzi ambaye karatasi yake haifanyi mapovu. Akaja, akakaa kwenye benchi, akaeleza kwa mikono.

"Papa Huseni, mi nataka mutu afike pale, aangalie, ajiulize: nani alisema hii ni pesa? Na nani tena akaamuka asubuhi akasema si pesa? Karatasi ni ileile. Si ni kweli?"

Mimi niliona swali hilo angeweza kuja kuniuliza mimi bure, bila gundi. Siku nne tu kabla ya hapo nilikuwa nimesimama kwenye foleni tangu alfajiri na noti halali za Burundi mkononi, na sukari haikuwepo. Lakini nilimwona Huseni anavyomsikiliza, ameinamisha kichwa upande, kama alivyokuwa akimsikiliza msimamizi wa kiwanda akieleza ukubwa wa kitabu. Nikameza ulimi wangu. Nilichosema ni kwamba unga wa gundi utanunuliwa na kituo, si na mimi, na mkaa pia. Prodige akacheka, akakubali.

Basi mume wangu akarudi mjini kazini, kifupa mfukoni. Wiki tatu alitoka asubuhi na kurudi kabla ya saa ya kufungiwa njia usiku. Mwanzoni walibishana juu ya nyuso. Huseni, kwa mazoea ya misahafu, ambayo haiwekwi picha za watu, alikuwa anabandika noti na sura ya mkubwa wa nchi imegeuziwa ndani, na Prodige alikuta upande mzima umebaki migongo ya noti, hakuna uso hata mmoja. Wakabandua siku mbili. Alinisimulia hayo huku anakula, anasimulia na mdomo umejaa, na mimi nilimwacha aongee na mboga ikapoa. Nilikuwa na furaha, niseme ukweli. Nilichoka, lakini nilikuwa na furaha.

Hata wiki hizo hakuacha noti tatu za mzee. Alizitengeneza asubuhi kabla ya kutoka.

Maonyesho yalipangwa kufunguliwa Jumamosi. Jumatano noti zikaisha. Ukuta ulikuwa umejaa wote isipokuwa kona ya chini upande wa kulia, mahali pa ukubwa wa mlango. Prodige alizunguka mji na gunia, akarudi na noti arobaini. Wengi walikuwa wameshawashia moto. Alhamisi alikuja kwetu pamoja na Huseni, akiwa amekata tamaa, na wakati huohuo Ernestine aliingia kutoka Kajaga, beseni la ndagala kichwani, miguu imejaa mchanga wa ziwa. Akasikia shida yao. Akatua beseni.

"Papa iko na sanduku muzima," akasema.

Huseni akamtazama kana kwamba hajaelewa.

"Kesho asubuhi ataenda misa. Mubebe. Mi nitamuambia wezi waliingia."

"Apana," akasema Huseni.

"Papa Huseni, ni karatasi!"

"Apana. Mi sikufundishwa kuiba. Na hizo si karatasi, ni ngombe za mutu."

Hapo Ernestine akalia, si kwa sauti, machozi tu yanateremka na mikono inanuka samaki hawezi kujifuta. Akatuambia jambo ambalo hatukulijua. Tangu yale mapatano ya viongozi yaliyotangazwa kwenye redio, baba yake alikuwa anasema barabara ya Gatumba, ya kuvuka kwenda kwao, itafunguka. Alikuwa anafunga vitu. Jumanne anataka kupanda gari la Uvira na sanduku lake, arudi kwao.

"Atafika sokoni, atafungua sanduku aombe ngombe," akasema Ernestine. "Batamucheka. Ao askari batazani ni pesa ya kweli, batamuua ju ya bule. Mi nimechoka kumubeba na hii uwongo. Kama hamuchukue sanduku, basi mutu mumoja amuambie."

Prodige alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Nitamuambia mi," akasema Huseni. "Kesho akileta noti. Mi ndiye nilimudanganya, mi nitamuambia."

Sikulala vizuri. Nilimwogopea mzee, ndiyo, lakini nitasema kilichokuwa moyoni: nilimwogopea zaidi mume wangu. Mzee akianguka kwa neno lake, najua Huseni atarudi kwenye benchi na mikono yake, na mara hii hatatoka.

Ijumaa alirudi kutoka msikitini hakula. Nilikuwa nimeweka sufuria ya gundi kwenye mkaa uani, kwa sababu ilikuwa Ijumaa. Akakaa. Akasimama. Akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Ndipo mlango wa chumba cha uani ukafunguka na tukasikia bati linakwaruza saruji.

Mzee Birindwa alikuwa amevaa koti lake la suti, lile la misa. Alikuwa anavuta sanduku kwa mkono mmoja, anapumzika, anavuta tena. Huseni akakimbia kumsaidia. Wakalifikisha mbele ya benchi.

"Fundi," mzee akasema akihema, "hizi kuta za nyumba yako ni nyepesi. Jana nilisikia byote. Nasikia kule mujini ukuta yenu imebakia na tobo."

"Muzee..."

"Beba hizi, mufunge ile tobo."

Huseni akapiga goti chini mbele ya sanduku. Sijui kwa nini alipiga goti. "Muzee, nisamehe. Iko neno moja nilipashwa kukuambia tangu zamani. Hizi pesa..." Akakwama pale.

"Zilikufa," akasema mzee. "Najua."

Nikaacha kukoroga.

"Nilijua mbele yenu. Siku ile radio ilisema, mi nilikuwa nimelala kwa mukeka. Ernestine aliifunga mbio, akazani sijasikia. Mi masikio yangu iko mazuri, ni magoti ndiyo mabaya."

"Sasa muzee," nikadakia, maana siwezi kungoja watu waliopiga magoti, "kama ulijua, hizo noti zilikuwa zinaletwa za nini kila Ijumaa? Na zilikuwa zinapasuka aje?"

Akaniangalia kwa haya, mtu mzima wa miaka sabini. "Nilikuwa napasua mi mwenyewe, Mama Asiya. Unakunja, unalowesha na ulimi, unavuta pole."

"Ju ya nini?"

Akaonyesha benchi kwa kidevu. "Tulipofika hapa, bwana yako alikuwa anaketi pale, mikono yake vile. Kila siku. Mi ni mutu wa ngombe, sijue mambo ya vitabu. Kwetu ngombe ikikataa majani, hauipige. Unaiwekea chumvi mukononi, kidogo kidogo, kila siku. Siku moja inalamba."

Gundi ilianza kushika chini, niliisikia harufu, na sikuweza kuinuka. Huseni alikuwa bado chini, ameshika mpini wa sanduku. Akainua uso. "Na mi nilikuwa nakuhurumia we," akasema. "Miaka mitatu."

"Niliona," akasema mzee. "Nikaacha unihurumie."

Hapo hasira ikanipanda, sijui ilitoka wapi, na machozi nayo yakaja juu yake. "Na unga wangu?" nikapiga kelele. "Wazee wawili munadanganyana miaka mitatu na unga wangu! Mi nimelala njaa ju ya pesa zenye mutu anapasua mwenyewe!" Mzee akacheka kwanza, cheko dogo la kikohozi. Kisha Huseni. Kisha mimi nikacheka nikilia, na gundi ikaungua yote, na nikapika nyingine.

Alituambia kuwa kununua ng'ombe haikuwa mawazoni mwake. Huko kwao kuna kaburi la mama yake Ernestine, na miaka mitatu halijalimwa majani. Angekwenda mapema, alisema, barabara ilikuwa inafunguka na kufungwa, lakini alikuwa hajaona nani atamletea fundi kazi. Sasa ameona fundi ana kazi mjini.

Usiku huo Huseni hakurudi. Walibandika mpaka asubuhi ndani ya ule ukumbi, na mafurushi yote kumi na moja yakaenda kwenye kona. Zile noti za juu, zenye majina, alizibandika mwisho, penseli ikionekana.

Jumamosi mchana tulikwenda wote wanne. Wakubwa wa mji walikuwepo, na wageni wachache waliobaki katika nchi, na glasi zilikuwa zinapitishwa. Ukuta ulikuwa mkubwa kweli. Watu walisimama, wakasoma swali, wakasema maneno ya Kifaransa juu ya mfumuko wa bei na dola. Mzee Birindwa hakuangalia juu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akainama kwa yale magoti yake mabaya, akatafuta mpaka akamwona Bihogo. Akavua kofia. Huseni naye akaja kuangalia kazi yake, akapitisha kiganja kuona kama kuna povu. Mlinzi akamfuata.

"Muzee, usiguse. Hii ni sanaa."

Huseni akarudisha mkono, akauweka mfukoni. Nilitaka kumtukana yule mlinzi, lakini mume wangu alinishika kiwiko.

Jumanne mzee alipanda gari la Uvira na mfuko mmoja. Sanduku tupu alituachia, nimeweka mishumaa. Baada ya majuma mawili Ernestine alipata habari kwa wauza ndagala wa Kajaga kuwa alifika, na kwamba ameonekana na jembe.

Ukuta ukabanduliwa vipande vipande, ukatiwa kwenye makasha, ukapelekwa nchi nyingine kuonyeshwa. Prodige akaenda nao. Kituo kilikuwa kimeahidi kuwa kuna vitabu vya maktaba vitahitaji fundi, na labda siku moja vitahitaji. Risasi zilianza tena milimani. Huseni akarudi nyumbani.

Wiki ya kwanza alitengeneza kiti. Ya pili alipanga upya mishumaa yangu. Ijumaa ya wiki ya tatu alirudi kutoka msikitini, akavua viatu, akakaa kwenye benchi, na mimi nikiwa mlangoni nikaona mikono inakwenda kwenye magoti. Viganja vikageuka juu.

Niliingia ndani. Katika pindo la kanga yangu nilikuwa na noti moja ya faranga mia tano, na humo ndani ya nyumba hakukuwa na nyingine. Ilikuwa ya unga wa wiki. Nilikaa kitandani nikaishika muda. Kisha nikaikunja katikati, nikailowesha kwa ulimi, nikavuta polepole, kama mzee alivyosema. Sijawahi kuogopa karatasi namna ile.

Nikatoka nje na vile vipande viwili.

"Fundi," nikamwita. Miaka ishirini na minane sikuwahi kumwita hivyo. "Hii yangu imepasuka. Unaweza?"

Akavipokea. Akapitisha kidole kwenye mpasuko, taratibu, kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa umenyooka, katikati kabisa, na bado ulikuwa na unyevu. Akainua macho akaniangalia, na nilijua anajua, na sikugeuza uso.

"Hii iko hai," akasema.

"Ndiyo. Na kule sokoni wanaangalia noti juani. Ukiiharibu, kesho hatule."

Akaendelea kuishika. Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli, akasalimia, na Huseni hakumwitikia kwa sababu alikuwa anatafuta mfukoni. Akatoa kifupa, akakiweka juu ya goti.

"Unga upo?"

"Kimebaki kikombe kimoja."

"Usisahau pilipili," akasema.

Nikaenda kuwasha mkaa.